Mvua Juani

Siku ya kumi na saba Aberystwyth inanyeshewa.
Bi Eluned ameanika mashuka jikoni, juu ya jiko la gesi,
na kila nikipita shuka moja hunipangusa uso
kama mtu aliyetaka kuniambia jambo, akaghairi.

Mama hupiga simu saa mbili usiku, saa za kwao:
"Huko jua mmeliona?"
"Ninalo hapa mezani," namjibu,
naye hucheka, akidhani nimejifunza mizaha ya Wazungu.

Lakini ninalo.
Kuna chombo huko juu, juu ya mawingu yote ya Welisi,
kisichopepesa jicho. Kila sekunde kumi na mbili, picha.
Kazi yangu ni kuzikagua moja moja,
kufuta madoa, kutia alama, kuandika saa.
Ni nuru ambayo jicho halina haki nayo.
Urujuanimno:
tazama jua lilivyojibanza katikati ya neno.
Aliyeliunda alijua, au liliingia lenyewe?
Hii rangi ya dhahabu tumeipaka sisi.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea pale Msamvu,
mageti, vitanda vya chuma, mara moja mnara wa kanisa.
Alitukataza kutazama cheche.
Mwanga usiouona, alisema, ndio unaokula macho;
na kuna usiku alilala na vipande vya viazi vibichi kopeni,
akilia bila huzuni.
Mwaka ule jua lilipopatwa alitupandisha basi hadi Rujewa,
kinyago chake cha kazi ndani ya kiroba.
Watoto tusiowajua wakapanga foleni,
kinyago kikapita uso kwa uso, kikibeba jasho la kila mmoja.
Tuliona pete.
Taji hatukuliona; mwezi ulikuwa mbali mno,
haukutosha kulifunika jua lote.
"Siku nyingine," alisema, akifuta kioo kwa shati.

Kwa Kilatini taji ni korona.
Neno hilo nyumbani kwetu halitamkwi.
Nilimzika Baba kwa simu, chaji asilimia tisa,
mkono wa binamu yangu Mshindo ukitetemeka,
picha ikiganda kila jembe lilipoinuka.
Basi nikizungumza na Mama nasema taji tu,
nasema nafanya kazi kwenye taji,
naye huwaambia majirani nimeajiriwa na mfalme.

Leo, saa nane na dakika arobaini usiku, ukingo wa mashariki:
tao lililosimama tangu jana linaanza kupoa.
Ajabu ya huko, ukiondoka mafigani ukapanda juu
joto linazidi: nyuzi elfu sita chini, milioni hewani,
na hakuna bado aliyenieleza sababu nikatosheka.
Gethin, meza ya pili, ana nadharia tatu na biskuti.
Nabadili kichujio, dhahabu inakuwa nyekundu,
ndipo naona. Inanyesha.

Matone yanashuka yakifuata tao,
taratibu, kama yanashikilia kamba.
Tone moja laweza kufunika Tanga na Morogoro
na njia yote ya katikati.
Yanaangukia motoni bila sauti;
sauti ni ya hapa, bati la banda la baiskeli.
Gethin ameacha kutafuna.

Natia alama. Naandika saa.
Pale pa maelezo, panapotakiwa nambari tu,
naandika: Baba, inanyesha.
Nakaa nalo picha tano, dakika nzima.
Kisha nafuta, naweka nambari.

Alfajiri kwezi wanafumuka chini ya gati,
maelfu, weusi juu ya kijivu, na mimi narudi nimelowa.
Bi Eluned yuko mlangoni na kapu la vibanio,
anauliza kama mashuka yatoke nje leo.
"Bado," namwambia. "Hata juani kunanyesha."
Anaangalia dari, ananiangalia mimi,
anayageuza mashuka upande wa pili.